Naomba ushauri: filamu ya setilaiti iliyoanguka, bajeti shilingi 150,000

KijanaWaSofia:
Wakubwa, salamu. Nina miaka 17, niko Busia upande wa Uganda. Natengeneza filamu fupi: setilaiti yetu inaanguka shambani kwa bibi kizee, kisha inaanza kujibu maswali yake. Ninayo simu, kompyuta ya kaka na shilingi 150,000. Fundi wa kuchomelea anazitaka zote, maana nimemchorea setilaiti ya mita mbili yenye mabawa. Nimlipe?

FundiPicha:
Mdogo wangu, usimlipe. PearlAfricaSat-1, setilaiti ya kwanza ya Uganda iliyorushwa Novemba 2022, ilikuwa mchemraba wa sentimita 10 kila upande. Ilitosha kiganjani! Bibi aiokote akipalilia mihogo, aifunge kwenye pindo la kanga. Mimi hilo linanigusa kuliko rundo la mabati. Chomoa saketi kwenye redio mbovu, bandika vipande vya kioo cheusi pembeni, pakaza masizi.

MwanaAnga:
Ila kitu kidogo hivyo kikirudi huungua angani kabla ya kufika chini. Mpe mtazamaji sababu ya hiki kunusurika, hata kwa sentensi moja.

KijanaWaSofia:
Asanteni sana! Na askari wanaokuja kuitafuta? Rafiki yangu amepata magwanda ya mabaka.

DadaMhariri:
Magwanda achana nayo kabisa. Hapa Uganda raia kuvaa sare za jeshi ni kosa la jinai, mtakamatwa. Wavalishe makoti meupe, wawe wahandisi.

Pesa ipeleke kwenye sauti. Picha yenye chenga watu huvumilia, mazungumzo yasiyosikika watazima. Azima simu ya pili, itie mfuko wa shati la mwigizaji ikirekodi sauti, maikrofoni ikitazama juu. Kila mnapoanza piga kofi moja mbele ya kamera, baadaye utaoanisha sauti na picha hapo hapo kwenye kofi. Malori ya mpakani yananguruma mno, kwa hiyo tafuteni shamba la mbali na barabara. Na faili zako ziweke sehemu mbili. Isaac Nabwana, mtengeneza filamu wa mtaa wa Wakaliga huko Kampala, alilazimika kufuta filamu yake ya mwaka 2010 ili kompyuta ipate nafasi ya kazi iliyofuata.

KijanaWaSofia:
Fundi nimeshamwambia basi. Bibi yangu amekubali kuigiza, ila anauliza setilaiti itamjibu kwa Kiswahili au Kisamia.

FundiPicha:
Kisamia. Maandishi ya Kiswahili weka chini.