Ulaya na mtoto wa mwaka mmoja na miezi 11: treni, ndege au gari? Na miji mingapi kwa usiku 12?

MamaNaila
Habari zenu wakuu. Mwanzoni mwa Juni tunatoka Dar kwenda Ulaya, mimi, baba Naila na Naila mwenyewe, ambaye atatimiza miaka miwili tukiwa katikati ya safari. Mpango wa sasa: Amsterdam tunalala 2, Brussels 1, Paris 3, Zürich 2, Venice 1, Rome 3. Viza hatujaomba, tiketi hatujakata.

Mtoto ana kilo 12. Mchana analala saa 6 hadi saa 8. Anatembea vizuri, ila akichoka hataki hata hatua moja. Naomba kujua: usafiri gani kati ya mji na mji? Kama ni kupunguza, tupunguze wapi? Na tubebe kigari au mbeleko inatosha? Natanguliza shukrani.

ReliKwanza
Mama Naila, achana kwanza na suala la treni au ndege. Hesabu unahama mara ngapi. Hapo umeweka mara tano ndani ya siku 12, na hicho ndicho kitakachowachosha.

Angalia siku ya kuhama inavyokwenda. Hoteli nyingi zinakutaka utoke kati ya saa 4 na saa 6 mchana, na kule unakokwenda chumba hakitolewi kabla ya saa 9 alasiri. Usingizi wa Naila umekaa katikati kabisa ya pengo hilo. Maana yake kila ukihama, siku hiyo mtoto hana kitanda mchana. Mara mbili kwa safari nzima atavumilia. Mara tano, na mbili kati ya hizo baada ya kulala mahali usiku mmoja tu, jioni zote zitakuwa za kilio.

Ningefanya hivi: Amsterdam 4, Paris 4, Luzern (mji wa Uswisi) 4. Brussels treni inapita tu, Italia iache kwa safari nyingine. Zürich hadi Rome kwa treni ni kama saa 7 pamoja na kubadili Milano, na kwa ndege ni siku nzima ukijumlisha viwanja.

Amsterdam–Paris kwa treni ya kasi ya Eurostar ni saa 3 na dakika 20 hivi, karibu sawa na Dar–Dodoma kwa treni ya haraka ya SGR. Paris–Luzern chukua TGV Lyria, treni ya kasi ya Ufaransa–Uswisi, kutoka kituo cha Gare de Lyon, shuka Basel baada ya saa 3 na ushee, panda treni ya Uswisi ya saa moja hadi Luzern. Msiende hadi Zürich halafu mrudi nyuma.

Shemeji_Stuttgart
Naona kila mtu hapa anaabudu treni. Gari lina faida zake jamani: pampasi, maji, chakula, vyote viko nyuma, unasimama unapotaka, na mtoto akipiga kelele hakuna wa kukugeukia.

ReliKwanza
Shemeji, kwa nyumba ya mashambani, tuseme Black Forest au Alsace, nakubaliana na wewe mia kwa mia. Kwa Amsterdam na Paris, hapana. Gari la kukodi likichukuliwa nchi moja na kurudishwa nyingine lina ada ya ziada ambayo mara nyingi inazidi kodi yenyewe. Maegesho katikati ya Amsterdam ni bei ya kutisha. Barabara kuu za Uswisi zinataka stika ya faranga 40, hata ukipita siku moja. Kiti cha mtoto ni lazima, na kile cha kukodi unalipia kwa siku na hujui utapewa cha aina gani. Halafu kikubwa: garini Naila amefungwa mkanda na dereva ni mzazi mmoja aliyepungua. Kwenye treni mnakuwa wawili, na mtoto anatembea.

TiketiMezani
Nimesubiri mtu aguse suala la siku ya kuzaliwa, naona hakuna. Mama Naila, hapo ndipo pesa yako ilipo.

Kwenye ndege mtoto chini ya miaka 2 anapakatwa na analipiwa sehemu ndogo ya nauli. Akishatimiza 2 lazima awe na kiti chake. Naila ataondoka Dar akiwa mchanga kwa hesabu ya shirika na kurudi akiwa mtoto mkubwa. Mashirika hayafanani: mengine yanataka kiti kwa kurudi tu, mengine yanataka kwa safari nzima. Ulizeni kabla ya kulipa, kwa maandishi, mkitaja tarehe ya kuzaliwa. Ukikata kama mchanga kwenda na kurudi, mtakwama kaunta siku ya kurudi. Na msitegemee kile kitanda cha ukutani mwa ndege, mara nyingi uzito wake unaishia kilo 10 au 11.

Tiketi ikatwe ya kuingia Amsterdam na kutokea Zürich, kwa booking moja. Msirudi Amsterdam kwa treni eti kwa sababu ndege ndiyo inaondokea huko. Kutoka Luzern kuna treni za moja kwa moja hadi uwanja wa ndege wa Zürich, saa moja na dakika chache, na kituo kiko chini ya uwanja wenyewe. Schiphol, uwanja wa Amsterdam, hali kadhalika.

Sasa viza, maana mgawanyo wa usiku ndio unaoamua mnaomba wapi. Schengen, yaani viza moja ya nchi zote hizo tatu, unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na zikilingana, kwa nchi utakayoingia kwanza. Kwa 4, 4, 4 ni Uholanzi. Mkihamisha usiku mmoja kutoka Amsterdam kwenda Paris, inakuwa Ufaransa. Kwa hiyo fungeni ratiba kwanza, ndipo mkachukue miadi. Maombi yanafunguliwa miezi 6 kabla ya safari na mwisho ni siku 15 kabla, msisubiri huko mwisho. Mkubwa ni euro 90, chini ya miaka 6 hakuna ada ya viza. Naila anahitaji pasipoti yake, fomu yake, cheti cha kuzaliwa, na bima ya angalau euro 30,000 kama nyie. Alama za vidole hachukuliwi.

BibiWaMabegi
Kigari au mbeleko: vyote viwili, mwanangu. Kigari kiwe chepesi, cha kukunja kwa mkono mmoja, kisichozidi kilo 7. Kwenye treni za Ufaransa kinakunjwa na kuwekwa rafu ya mizigo. Paris metro ina ngazi mpaka zinakera. Laini ya 14 ina lifti vituo vyote, nyingine bahati nasibu, kwa hiyo pandeni mabasi. Basi linaingia na kigari bila kukikunja, na mtoto anaona mji. Mbeleko ni ya ngazi na ya dakika zile za kushuka na kupanda treni.

Mabegi: moja kubwa la magurudumu, moja la mgongoni, basi. Mmoja anasukuma kigari, mwingine anavuta begi. Begi la tatu halina mkono wa kulishika.

Mkitafuta malazi, msiangalie picha ya kitanda tu. Ulizeni: ghorofa ya ngapi, na lifti ipo? Nyumba za zamani za Amsterdam zina ngazi zilizosimama kama za darini. Na bebeni kitenge kizito na vibanio vinane vya nguo. Juni kule jua linazama karibu saa 4 usiku, na mapazia mengi ni ya urembo tu.

MamaNaila
Asanteni sana, mmenifungua macho. Tumekubaliana na baba Naila: Amsterdam 4, Paris 4, Luzern 4. Yamebaki mawili. Treni tuchukue ya saa ngapi, tukate ile ya saa 6 ili alale njiani? Na tukiwa Luzern, kupanda treni hadi Jungfraujoch, kule juu milimani, inafaa?

ReliKwanza
Ya saa 6 usikate. Kwanza, mapema Naila ataamka. Juni Ulaya ya kati iko nyuma ya Dar saa moja, kwa hiyo mtoto wa kuamka saa 12 ataamka saa 11 alfajiri, na usingizi wake wa mchana utaanza kama saa 5 kwa saa za kule. Msipambane nalo, mlazeni saa 1 jioni.

Kata treni inayoondoka kati ya saa 3 na saa 4 asubuhi. Saa moja na nusu ya kwanza anacheza, anakula, anazunguka behewa. Ya pili analala. Ukipanda naye akiwa na usingizi tayari, kelele za kituo zinamzindua, analala dakika 20 tu, anaamka na hasira mkiwa bado na saa mbili mbele. Kubaya zaidi ni kufika naye ndiyo kwanza amezama usingizini: mtoto begani, kigari kimekunjwa, begi, na mlango uko wazi dakika chache.

Chini ya miaka 4 Eurostar hana tiketi, lakini hana kiti pia. Pesa ikiruhusu mlipieni. Kwenye Lyria chagueni ghorofa ya chini: abiria wanapita behewa hadi behewa kwa juu, kwa hiyo chini hakuna msururu wa watu na hakuna ngazi ya kumkimbiza mtoto. Ufaransa milango inafungwa dakika 2 kabla ya muda wa kuondoka, kuweni jukwaani mapema. Basel acheni angalau dakika 30 za kubadili treni.

Shemeji_Stuttgart
Jungfraujoch iacheni. Ni mita 3,454, mnapandishwa haraka, na mtoto wa miaka miwili hawezi kukuambia kichwa kinamuuma. Nendeni mlima Rigi, haufiki hata mita 1,800. Boti kutoka Luzern hadi Vitznau kama saa moja, halafu treni ya meno ya kupanda mlima, iliyofunguliwa 1871, nusu saa hadi juu. Chini ya miaka 6 bure. Pandeni boti ya asubuhi, arudi alale kigarini kando ya ziwa.

BibiWaMabegi
Na Jumapili Uswisi maduka mengi yanafungwa. Pampasi za Jumapili nunueni Jumamosi, au nendeni maduka ya ndani ya kituo kikubwa cha treni.