Tupeane uzoefu: jumuiya ya walimu shuleni kwenu inafanya kazi au mnasaini tu?

Chaki_Vumbi:
Walimu wenzangu habari za jioni. Toka MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) ije, kila shule ina jumuiya ya kujifunza, angalau kwenye makaratasi. Kwetu (msingi, tuko 11) ilikuwa Alhamisi saa tisa na nusu, njaa inauma, mwalimu mkuu anasoma moduli kwa sauti, sisi tunachati chini ya meza, alafu daftari la mahudhurio linazunguka tunasaini tunatawanyika. Mwaka mzima hivyo.

Siku moja madam wa darasa la tatu akaja na rundo la madaftari akalimwaga mezani, jamani mimi nimeshindwa naombeni msaada. Swali lilikuwa 402 toa 178, na watoto kibao wameandika 376. Tukacheka kwanza, alafu mmoja akasema ngoja, hawa hawajakosea ovyo, wanatoa ndogo kwenye kubwa popote ilipo, 8 toa 2, 7 toa 0. Aisee siku hiyo hakuna aliyeshika simu. Tukafunga vijiti kumi kumi na mia mia, mwalimu wa la nne akaingia kufundisha, sisi tumebanana nyuma kwenye madawati ya watoto magoti yanagusa kidevu. Kuna mtoto alifungua fungu la mia akakuta mafungu 10 ya kumi kumi ndani, akasema "kumbe!" darasa zima likageuka. Sasa hivi hatufungui moduli kabla madaftari hayajafika mezani. Nyie je?

Fizikia_PekeYangu:
Mimi sekondari ya kata, fizikia nzima niko mwenyewe, nikae jumuiya na nani, mwalimu wa historia? Tukajikusanya shule 4, nauli ya boda kila mtu mfukoni mwake. Vikao vya mwanzo stori tu za uhamisho na madaraja. Kilichotuokoa ni kutunga mtihani mmoja wa fomu tuu na kuusahihisha pamoja, maana hapo huwezi kujificha. Jibu limeandikwa 5 bila kuandikwa niutoni, mimi nampa nusu maksi, mwenzangu anakata yote, tulibishana mpaka chai ikapoa. Ndo nikagundua wanangu hawajui yuniti kwa sababu mimi nilikuwa nawasamehe.

mdau_wa_kata:
Sisi yetu ilikufa siku soda ilipokata. Nasema ukweli msinipige mawe.

Mstaafu_Eldoret:
Hamjambo ndugu zangu. Mimi nilifundisha hesabu Kenya enzi za SMASSE, ile programu ya kuwanoa walimu wa hesabu na sayansi wa sekondari, ilianza 1998 na Wajapani wa JICA (shirika lao la misaada ya maendeleo) kwa wilaya chache ndo ikasambaa nchi nzima baadaye. Wazo lilikuwa rahisi, panga somo, fundisha, angalia, rekebisha. Shida ilikuwa hapo kwa "angalia" wacha niwaambie. Sisi tulikuwa tumezoea mtu akikaa nyuma ya darasa na kalamu huyo ni inspekta, basi mwenzangu siku yake ikifika anaugua ghafla. Mimi mwenyewe niliugua mara mbili! Tulikubaliana mwangalizi asiandike kitu chochote juu ya mwalimu, aandike tu wanafunzi wanafanya nini, nani amekwama, amekwama wapi. Na kiongozi wa idara ndiye awe wa kwanza kutazamwa. Alifundisha vibaya sana siku hiyo, maskini, lakini baada yake hakuna aliyeugua tena.

ajira_mpya24:
Hilo la kiongozi kuanza nimelipenda. Swali, mnafanyaje na mtu anayeongea yeye tu? Kuna mzee wetu ana miaka 28 kazini, ukifungua mdomo anakukata "mwanangu hayo tulishayajaribu". Sisi wa ajira mpya tunakaa kimya tunasubiri saa kumi na moja ifike.

Chaki_Vumbi:
@ajira_mpya24 tulikuwa naye wa hivyo hivyo. Tulimpa uandishi wa kikao, kwa heshima zote, tukamwambia mzee mwandiko wako ndo unasomeka. Alafu tukaweka utaratibu wa mdogo kazini kuanza kusema na mkubwa kumalizia. Kikao cha pili tu analalamika mkono unauma, ila zamu yake ilipofika alianza na "kama alivyosema binti hapa", ofisi nzima tukaangaliana.

mdau_wa_kata:
Kesho nanunua daftari la mwandishi. Soda sinunui.