Medali ya Sultani 1867, ya Shah 1873 au ya Tsar 1874: nichukue ipi?

Mtoza Shaba
Wakuu, salaam. Kuna mnada naunyemelea. Medali tatu za shaba, zote za City of London (baraza la jiji), zile walizokuwa wakitoa mfalme wa nje akipokewa Guildhall, ukumbi wao: Sultani Abdulaziz wa Uturuki (Julai 1867), Naser al-Din Shah wa Uajemi (Juni 1873) na Tsar Alexander II wa Urusi (Mei 1874). Kila moja ni kama milimita 76, inajaza kiganja. Mfuko unaruhusu moja tu. Ya Sultani ina kasha lake, ila ukingoni ina kovu la kuanguka. Ya Shah haina kasha, uso safi. Ya Tsar inang'aa kama sufuria mpya.

Bibi Sarafu
Hiyo inayong'aa achana nayo, mwanangu. Shaba ya miaka 150 haing'ai yenyewe, imesuguliwa. Mtu akishaipiga ndimu na majivu kama birika la harusi, ndevu za Tsar zinabaki uji. Ile rangi ya kahawia ikitoka hairudi.

Mzee wa Kibokoni
Sultani, wala usifikiri mara mbili. Igeuze nyuma: London na Uturuki wamechorwa kama wanawake wawili, na kwa mbali unaona kuba la kanisa la St Paul's na msikiti wenye minara yake. Kazi ya kina Wyon hiyo, ile familia ya wachonga medali. Halafu huyu ndiye sultani wa kwanza wa Dola ya Uthmaniya kwenda Ulaya Magharibi kutembea, si kupigana. Kovu la ukingoni lavumilika. Lingekuwa puani pa Sultani, hapo ningenyamaza.

Kijana wa Leicester
Mimi timu Shah. Uso safi kwanza, kasha baadaye. Na tusichanganye mambo: Garter aliyovishwa Shah na Malkia Victoria wa Uingereza ni nishani ya kuvaa. Hii ni medali ya mezani, haina pete wala utepe.

Mkosi Tupu
Mnajua wote watatu waliishia wapi? Abdulaziz aling'olewa 1876 akafa siku chache baadaye, Tsar bomu 1881, Shah risasi 1896. Mwenye kuogopa mikosi asinunue hata moja 😅

Mtoza Shaba
Mikosi siogopi, naogopa bandia.

Bibi Sarafu
Omba vipimo kabla hujaweka dau. Bandia ya kumimina hutoka ndogo kidogo kuliko yenyewe, kwa kuwa shaba hunywea ikipoa, na herufi zake hazina makali, kama sabuni iliyotumika. Kisha omba picha ya ukingo, pande zote. Aliyemimina hulazimika kupitisha tupa pale, na tupa huacha mikwaruzo.

Mpemba Msafiri
Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, naye alifika London, 1875. Ningekuwa wewe ningenunua pesa zake za shaba za 1299 Hijria, zile zenye mizani. Za kwetu, na unapata nyingi.

Mtoza Shaba
Pesa za mizani ninazo kopo zima, kaka. Bibi, shukrani. Nimemwomba muuzaji picha za ukingo wa Sultani na wa Shah. Ya Shah ametuma hapo hapo. Ya Sultani anasema kesho.

Bibi Sarafu
Basi ngoja hiyo kesho. Dau usiweke.