Pleya nyepesi ya muziki kwa kompyuta ya mezani ya zamani: foobar2000, AIMP, Winamp au ipi?

KinyoziNyamanoro
Wakuu, heshima kwenu. Nina kompyuta ya mezani hapa saluni, ya siku nyingi: Core 2 Duo, RAM GB 2, Windows 7, diski ya kuzunguka ya GB 160. Kazi yake ni moja, kupiga muziki kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tatu usiku. Imeungwa kwenye sabufa. Nyimbo ninazo kama GB 40, karibu zote MP3, zimepangwa kwenye folda: Rumba, Zilipendwa, Bongo Fleva, Injili (ya Jumapili), na folda moja inaitwa MCHANGANYIKO ambayo hata mimi mwenyewe siielewi.

Shida ni tatu. Pleya niliyonayo ikifunguka tu inaanza kukagua diski nzima, dakika nne tano mashine imeganda na mteja ameshakaa kitini. Halafu umeme: ukikatika na kurudi, naanza upya kutafuta nilikuwa wapi huku mikono imejaa povu. Ya tatu ni sauti. Wimbo wa zamani unapiga kwa upole, unaofuata wa vijana wa sasa unalipuka, mteja anashtuka, na mimi nimeshika wembe.

Msiniambie nipige kwa mtandao. Nilijaribu kupitia kivinjari, bando halikufika nusu mwezi na RAM ikawa imejaa muda wote.

Nasikia foobar2000, nasikia AIMP, na kuna jamaa hapa mtaani hataki kusikia kitu zaidi ya Winamp. Mliotumia semeni.

BintiTanga
AIMP kaka, usizunguke. Mashine yangu ya chumba cha cherehani inafanana na hiyo yako, na ndiyo hiyohiyo naibeba nikiitwa kupiga muziki kwenye kicheni pati. AIMP ni ya bure, ya Warusi, ipo tangu 2006. Unaburuta folda ya Rumba, unaiachia kwenye orodha, imeanza. Vitufe vinaonekana, ikwalaiza haijafichwa, tagi (jina la wimbo na la mwimbaji lililoandikwa ndani ya faili) unarekebisha humohumo, na ukitaka kugeuza FLAC (faili la muziki lililobanwa bila kupoteza sauti) iwe MP3 hutafuti programu nyingine. Skini zake, yaani sura za kuivalisha, ziko nyingi. Yangu nimeiweka ya zambarau.

WinampMilele
Huyo jamaa wa mtaani kwako mpe salamu zangu, ni ndugu yangu. Winamp ilitoka 1997. Nimeitumia kwenye Pentium ya RAM MB 32, na ilikuwa ikipiga MP3 huku naandika barua ya mtu. Sasa leo mnalia na GB 2!

Vidole vyangu haviwezi kuzoea kingine: Z kurudi nyuma, X kupiga, C kusimamisha kidogo, V kuzima, B kwenda mbele. Herufi tano mstari mmoja. Ukibonyeza J unaandika jina la wimbo, unatokea kati ya maelfu. Kinyozi anayefanya kazi na povu mkononi anahitaji nini zaidi?

FundiBuguruni
WinampMilele, hapo kwenye J nakuunga mkono, sijaona aliyeipita. Ila mweleze kijana ukweli wote. Nullsoft, waliotengeneza Winamp, walinunuliwa na AOL 1999. Mwaka 2013 AOL wakatangaza wanaifunga, 2014 ikahamia kwa Radionomy, kampuni ya redio za mtandaoni. Katika kuhamahama huko tovuti za mitaani zikajaa "Winamp" za kila namna. Mwaka juzi nililetewa mashine ambayo mwenyewe alipakua ya kwenye tovuti moja hivi, ikaja na wageni watatu: matangazo yanajifungua yenyewe, ukurasa wa kivinjari umebadilishwa, na kitu kinachokula CPU usiku kucha. Aliyenayo ile ya zamani kwenye CD yake na aendelee kufaidi. Anayeanza leo simshauri.

Na kama ni ukoo wa Winamp unaoupenda, foobar2000 imetoka kwa Peter Pawlowski, ambaye aliwahi kufanya kazi hukohuko Nullsoft. Ilitoka mwishoni mwa 2002.

Sasa Kinyozi, sikiliza. Watu humu wanapima wepesi kwa ukubwa wa faili la kusakinisha, na hapo ndipo wanapopotea. Kupiga MP3 yenyewe ni kazi ndogo, Pentium za miaka ya tisini ziliimudu, hiyo Core 2 Duo yako hata haitokwi jasho. Kinachokuua ni diski. GB 40 za MP3 za 128 kbps (kiwango cha ubora wa sauti), ambazo ni kama MB 1 kwa dakika, ni nyimbo elfu nane hadi kumi. Pleya yenye maktaba, yaani inayojitengenezea orodha ya nyimbo zote za diski, inapofunguka inapita faili moja moja ikisoma tagi, jina la mwimbaji, picha ya kava. Diski ya kuzunguka ina kichwa kinachotembea huku na huko, hakiwezi kuwa mahali elfu kumi kwa mpigo. Ukiweka sikio kwenye boksi la mashine utasikia kinavyokwaruza. Pleya yoyote utakayochukua, izime hiyo maktaba. Folda zako umeshazipanga mwenyewe, ukaguzi wa nini tena?

BintiTanga
Ndiyo maana AIMP yangu haigandi, sijawahi kuigusa hiyo maktaba. Kumbe.

RumbaBukavu
Bandugu, mimi niko na mashine nzee kuliko ya huyu, na nimetulia na 1by1. Wengi hawaijui. Haifiki hata MB 1. Haina maktaba, haina orodha ya kutengeneza: upande huu folda, upande huu nyimbo, unagusa, inapiga. Ukiifunga inakumbuka wimbo na mahali ulipofika. Sura yake ni kavu kama ukurasa wa hesabu, lakini nani anaangalia muziki?

Jambo lingine, na hili nalisema kwa uchungu. Pleya nyingi zina ule mpango wa kufifisha wimbo unaoisha huku unaingiza unaofuata. Kwa nyimbo za rumba uzime kabisa! Wimbo una dakika nane au tisa, mwimbaji amebembeleza nusu nzima, sebene ndiyo mwisho wake, ndiyo tuliyoingojea. Kisha programu inakuja kumkata mpiga solo sekunde kumi kabla hajamaliza. Ni dhambi.

LinuksiKongowea
Hahaha, Rumba umenimaliza.

Mimi ntaongea tofauti. Windows 7 iliacha kupewa marekebisho ya usalama Januari 2020. Kama mashine ni ya muziki tu, weka Linux nyepesi (mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows), halafu pleya ya Audacious. Asili yake ni XMMS, ambayo ilikuwa ndiyo Winamp ya watu wa Linux, na mpaka leo inavaa skini za Winamp zilezile za .wsz. WinampMilele utajiona uko nyumbani. Ipo hata ya Windows, kwa hivyo waweza kuionja kabla hujahama.

Na ukitaka wepesi wa kweli kweli, cmus. Inakaa ndani ya terminali, lile dirisha la kuandikia amri, maandishi matupu. Vitufe vyake ni Z, X, C, V, B, mpangilio uleule wa Winamp.

KinyoziNyamanoro
Mkuu wa Kongowea, nashukuru, lakini wateja wangu wakiona skrini nyeusi ina maandishi yanatembea watajua kinyozi anaiba benki. Na kuna dogo anayenisaidia, Windows penyewe anapapasa.

Fundi, umenifungua macho kwenye maktaba. Je, umeme na ile sauti inayolipuka?

MsikilizajiTu
VLC je? Karibu kila mtu anayo tayari.

FundiBuguruni
VLC ni ya kuokolea jahazi. Hakuna faili inalokataa, na haina tangazo hata moja. Ila ilizaliwa kwenye mradi wa wanafunzi wa Paris waliotaka kurusha video kwenye mtandao wa chuo chao, na hadi toleo la 3 bado ni mtu wa video anayeimba kidogo: kati ya wimbo na wimbo inaacha pengo. Kwa wimbo mmoja mmoja hutaona tatizo.

Kinyozi, umeme kwanza. Ingia BIOS ya hiyo mashine, ile mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, tafuta sehemu ya umeme. Jina hubadilika kutoka kampuni hadi kampuni, lakini kuna mahali unachagua mashine ifanye nini umeme ukirudi: ibaki imezimwa, iwake, au irudi ilivyokuwa. Chagua iwake. Halafu tengeneza njia ya mkato ya foobar2000, mwishoni mwa anwani yake ongeza nafasi kisha /play, uitupe kwenye folda ya Startup ya Windows. Umeme ukirudi mashine inajiwasha, inafungua pleya, inapiga. Wewe endelea kunyoa. Kwenye mipangilio yake, sehemu ya Playback, kuna pia pa kuiambia iendelee ilipoishia. Ukiizima vizuri inaendelea bila wasiwasi. Umeme ukikatwa ghafla usitegemee sekunde ileile, lakini orodha utaikuta.

Sauti sasa. Rekodi za zamani na za leo hazikupikwa jiko moja. Siku hizi studio zinasukuma sauti hadi darini, ya zamani ina milima na mabonde. Dawa inaitwa ReplayGain. Kwenye foobar2000 chagua nyimbo zote, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, ReplayGain, kisha uchague ipime kila wimbo peke yake. Inasikiliza wimbo mzima, inapata kiwango chake, inakiandika kwenye tagi. Muziki wenyewe hauguswi, ni namba tu. Wakati wa kupiga, pleya inasoma ile namba na kushusha au kupandisha. Ukimaliza nenda Playback uiwashe kwa mtindo wa wimbo mmoja mmoja, maana watu wengi wanapima halafu wanasahau hapa, wanarudi kwangu kusema haifanyi kazi.

Tahadhari moja tu. Inaandika ndani ya faili zako zote. Nakili folda kwenye diski nyingine kwanza, na usifanye siku ya mgao.

BintiTanga
Fundi, na AIMP nayo inaisoma hiyo namba?

FundiBuguruni
Inaisoma, dada. Namba imekaa kwenye faili, haimo ndani ya foobar2000. Pima huku, pigia kule.

MzeeWaSanturi
Assalaam alaykum wanangu. Niko Maskati, mambo yenu haya nayafuata kwa miwani. Mimi si mtu wa saluni, nina kaseti za taarabu nilizozileta kutoka Unguja, nazihamishia kwenye kompyuta moja baada ya nyingine. Kaseti ya dakika 90 upande mmoja ni dakika 45, ukiurekodi upande huo kwa kiwango cha CD bila kuubana unakaribia MB 480. Nikiugeuza FLAC unashuka mpaka nusu hivi, na hakipotei hata kigelegele kimoja.

Sipendi kuukata upande vipande vipande. Taarabu ile ilichezwa ukumbini, kati ya wimbo na wimbo kuna watu wanatunza, kuna mwenye kikohozi, mtu wa fidla anakaza nyuzi. Nauacha faili moja mrefu, kando yake naandika faili dogo la CUE, ambalo ni maandishi ya kawaida tu: wimbo wa kwanza unaanza dakika fulani, wa pili dakika fulani. foobar2000 ikilisoma inanionesha nyimbo tano au sita, na nikizipiga mfululizo hakuna pengo. Kwangu mimi hilo limekwisha, hamtanihamisha.

Jengine, orodha zenu mkizihifadhi zihifadhini kwa m3u8, aina ya faili la orodha linalotunza herufi za lugha zote, si m3u tupu. Nina majina ya nyimbo kwa Kiarabu, orodha ya zamani ilinigeuzia yote alama za kuuliza.

WinampMilele
Shikamoo mzee. Kwa hilo la CUE nanyamaza.

LinuksiKongowea
Mzee, shikamoo. Zile kaseti ukihitaji mtu wa kukusaidia kuandika hizo CUE niko, bure kabisa.

RumbaBukavu
Pleya ya MusicBee hamjaitaja. Mtu ambaye tagi zake zimenyooka, anapenda kava na albamu kwa mwaka, aende huko. Si wa folda ya MCHANGANYIKO.

KinyoziNyamanoro
Narudi na majibu, wiki mbili zimepita.

1by1 niliionja siku tatu, na nilipenda inavyofunguka, hata kope hujapepesa. Kilichonitoa ni ile sauti. Nikaweka foobar2000, nikanakili folda zote kwenye diski ya shemeji, Jumamosi usiku nikawasha ReplayGain nikaenda kulala. Asubuhi imemaliza. Mteja wangu wa kila Jumatatu, mzee mmoja mwenye ndevu ngumu, alikaa nusu saa nzima hakushtuka hata mara moja. Hakujua kwa nini, na mimi sikumwambia.

BIOS nimeweka. Juzi umeme ulikatika mara nne, mara zote nne muziki umerudi wenyewe. Mara ya kwanza dogo alikimbia nje.

Huyo dogo ndiye tatizo lililobaki. foobar2000 anaiona kama daftari la mkopo, haoni pa kubonyeza. Nimemwekea AIMP pembeni, ile ya zambarau, BintiTanga umeshinda nusu. Siku nikiwa sipo anatumia hiyo, na namba za ReplayGain inazisoma kama Fundi alivyosema.

Sasa kazi ni MCHANGANYIKO. Nimezifungua tagi, nusu zimeandikwa jina la tovuti mahali pa mwimbaji, nyingine majina yamekatwa katikati.

FundiBuguruni
Yaliyokatwa ni tagi za kale za ID3v1, nafasi yake ni herufi 30 tu. Chukua Mp3tag, programu ya kurekebishia tagi, utarekebisha kwa mafungu. Usifanye moja moja utazeeka.

KinyoziNyamanoro
Sawa mkuu. Ila kuna moja inaitwa "Track 07", haina tagi, haina chochote. Kila ikipiga kuna mteja anauliza hii ni ya nani, na mimi sijui. Inaanza na gitaa peke yake, halafu tarumbeta mbili, anaimba mwanaume mwenye sauti nyembamba.

MzeeWaSanturi
Weka hapa sekunde thelathini za mwanzo, mwanangu, niisikie.