Fedha za chuo kwa watafiti vijana wa kisukari: nauli za makongamano au vitendanishi?

Mleta uzi

Wakuu, nawasalimu. Kuna hoja inatugawa huku vyuoni, na kwa kuwa fedha ni za walipa kodi naileta hapa ijadiliwe na wote. Mtafiti kijana wa kisukari, yaani mhadhiri msaidizi au mtu aliyemaliza uzamivu juzijuzi, akikubaliwa kuwasilisha kazi yake kwenye kongamano la nje, chuo kimlipie nauli? Au fedha hiyo ibaki nyumbani inunue vitendanishi, yaani kemikali za kupimia maabara?

Mimi nasema kimlipie, kwa masharti mawili. Awe anakwenda na data aliyoikusanya mwenyewe, na chuo kiwe kimechangia kuikusanya. Kumkatia tiketi mtu ambaye hukumpa hata shilingi ya kupimia damu ni kutafuta picha ya kuweka kwenye taarifa ya mwaka.

Kwa nini kisukari? Mwaka 1989 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa vijiji sita vya Tanzania, na waliokutwa na kisukari hawakufika asilimia 1. Mwaka 2012 utafiti wa kitaifa ulikuta asilimia 9.1 kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Najua mmoja ulikuwa wa vijijini tu na mwingine wa nchi nzima, umri nao haufanani, kwa hiyo asije mtu kunirushia hilo. Hata ukipunguza unavyotaka, ongezeko lipo. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, IDF, linakadiria kwamba kanda ya Afrika itatoka watu wazima milioni 24.6 wenye kisukari mwaka 2024 hadi karibu milioni 60 mwaka 2050.

Halafu kuna maswali ambayo hakuna wa nje atakayetujibia. Kipimo cha HbA1c husoma sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida huishi miezi mitatu hadi minne. Mwaka 2017 utafiti wa Marekani ulionyesha kuwa watu weusi waliobeba kinasaba cha selimundu, wasio wagonjwa, kipimo hicho huwasoma chini kuliko sukari yao ilivyo. Sasa Kanda ya Ziwa, ambako wabebaji ni wengi, daktari afuate kiwango cha wapi? Na Aprili 2025 huko Bangkok IDF iliitambua rasmi aina ya tano ya kisukari, ile inayohusishwa na utapiamlo. Utapiamlo tunao sisi. Ufafanuzi wa ugonjwa ukiandikwa na sisi hatupo, kazi yetu itakuwa kuletewa fomu za kujaza.

Nawasilisha.

Muuguzi wa kliniki, Kanda ya Ziwa

Umeandika vizuri, ila njoo siku moja ya kliniki ukae upande wangu wa meza. Stripu za kupimia sukari zikiisha, mgonjwa naambiwa nimwelekeze duka la dawa. Akiwa nayo hela anapima, hana anarudi nyumbani na sukari asiyoijua. Huyo ndiye nimweleze kwamba kuna mtu amepanda ndege kwenda kuzungumzia sukari yake?

Jambo la pili, na hili linaniuma zaidi. Watafiti wamekuja kwetu, wamejaza madodoso, wamechukua damu za wagonjwa wetu, wakaondoka. Majibu hatukuyaona. Pengine yalisomwa Ulaya, mimi nitajuaje?

Mchangiaji

Posho tu hizo. Mwishoni mwa 2015 safari za nje za watumishi zilizuiwa mpaka kibali cha Ikulu, na nchi haikufa. Wasilisheni kwa Zoom.

Mpenda historia

Haikufa, sawa. Ila kwa kuwa tunazungumzia kisukari, kumbukeni insulini ilivyopatikana. Kiangazi cha 1921 Frederick Banting alikuwa na miaka 29, hana mshahara wa chuo, na msaidizi wake Charles Best alikuwa kijana wa miaka 22. Chuo Kikuu cha Toronto, kupitia Profesa Macleod, kiliwapa chumba cha maabara na mbwa wa majaribio. Banting aliuza gari lake ili aendelee kuishi.

Desemba mwaka huohuo wakaenda New Haven, Marekani, kuwasilisha kazi yao. Banting aliboronga kabisa. Maswali yalimzidi, ikabidi Macleod aingilie kumjibia, na Banting aliondoka na kinyongo ambacho hakikumwisha. Lakini miongoni mwa wasikilizaji alikuwepo George Clowes, mkuu wa utafiti wa kampuni ya Eli Lilly. Mwaka uliofuata Toronto na Lilly waliingia mkataba, na insulini ikaanza kutengenezwa kwa wingi. Wasilisho lilikuwa bovu, safari ikalipa.

Muuguzi wa kliniki, Kanda ya Ziwa

Kwa hiyo mbwa walitangulia, safari ikafuata. Ndicho ninachosema.

Mwanafunzi wa uzamivu, Nairobi

Huku Kenya, sheria ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya 2013 inasema mfuko wa kitaifa wa utafiti upewe asilimia 2 ya pato la taifa. Imeandikwa wazi kabisa. Hazina haijawahi kukaribia hapo, na vyuo vyenyewe vina madeni. Kwa hivyo kabla ya kugombania nauli au vitendanishi, kwanza ulizeni kama sufuria ina kitu.

Lakini shida ninayoiona kila mwaka ni namna fedha za safari zinavyotolewa. Vyuo vingi hukurudishia baada ya safari. Ulipe ada ya kongamano mwenyewe, ukate tiketi mwenyewe, ulipe viza ya Schengen, ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90 na ukinyimwa hairudi. Kisha upeleke risiti, ungoje. Wenzangu wamengoja mpaka wakamaliza masomo. Msaada wa namna hiyo huwafikia wenye akiba au wenye baba. Yule kijana aliyetoka Turkana na ana kazi nzuri kuwazidi wote hata fomu haombi.

Tena angalieni makongamano ya dunia ya IDF yanafanyika wapi: Abu Dhabi 2017, Busan 2019, Lisbon 2022, Bangkok 2025. Cape Town ilikuwa 2006.

Mfamasia

Mbona mnajitesa? Kampuni za dawa zina fedha na zimekuwa zikiwalipia mabingwa miaka yote. Ziwalipie na vijana.

Mleta uzi

Mfamasia, hapo ndipo sitaki kabisa chuo kikae pembeni. Machi 2023 chama cha kampuni za dawa cha Uingereza kiliisimamisha uanachama Novo Nordisk, watengenezaji wa insulini, kwa miaka miwili, kwa sababu ya mafunzo ya kupunguza uzito iliyoyadhamini bila kujitambulisha inavyotakiwa. Mwaka 2024 hospitali za umma za Afrika Kusini zilianza kukosa kalamu za insulini ya kawaida baada ya kampuni hiyohiyo kutohuisha mkataba. Sisemi kampuni zote ni mbaya. Insulini zinatengeneza wao. Nauliza tu: kijana anayetaka kuchunguza kama insulini ya bei nafuu inawatosha wagonjwa wa wilayani, tiketi yake atalipiwa na muuzaji wa ile ya bei ghali?

Ndugu wa Nairobi, umenisaidia. Kurudishiwa fedha kufe. Yatolewe masurufu kabla ya safari, na asiyeleta marejesho akatwe mshahara kama inavyofanyika kwa watumishi wengine.

Wa Zoom, mimi nimewasilisha kwa Zoom. Dakika kumi, umeme ukikatika umekwisha, na hakuna anayekufuata mlangoni kukuuliza ulipimaje.

Dada muuguzi, wewe ndiye mwenye hoja nzito humu, na sitaki kuikwepa. Stripu ni bajeti ya dawa na vifaa tiba, haitoki kwenye mfuko wa utafiti, na ukiufuta mfuko huu leo hazitaongezeka kliniki kwako. Lakini mradi wowote unaopima wagonjwa wako ungeweza kulazimishwa kununua stripu za kliniki nzima kwa muda wote utakaokuwepo hapo. Kwa hiyo napendekeza hivi: katika kila shilingi kumi za mfuko, saba ziende kwenye kazi yenyewe, tatu kwenye safari. Safari ya kwanza iwe ndani ya Afrika Mashariki. Majina ya waliopewa yabandikwe hadharani, maana kuna sehemu anayesafiri kila mwaka ni mkuu wa idara na kijana aliyefanya kazi anabaki kusahihisha mitihani. Na asipewe mtu safari ya pili kabla hajarudi kusoma majibu kwenye kliniki alikochukua damu.

Wizara ya Elimu imewahi kuwazawadia fedha wanaochapisha kwenye majarida makubwa. Ni jambo zuri, ila humfikia aliyekwishafika. Mimi nazungumzia yule ambaye bado anaazima mashine.

Muuguzi wa kliniki, Kanda ya Ziwa

Kurudisha majibu kliniki, nakubali. Stripu za muda wote wa mradi, nakubali, na iandikwe kwenye kibali chenyewe, siyo ahadi ya mdomo. Hizo shilingi tatu za safari bado sijakubali.