Tupeane uzoefu: magari ya Kimarekani yenye injini kubwa, uzuri wake na kasoro zake

Dereva wa Houston (mwanzisha mada)

Habari zenu, ndugu wapenzi wa magari. Kila linapotajwa gari la Kimarekani lenye mbio, mjadala huishia kwenye idadi ya nguvu za farasi, na wenye Chevrolet Corvette, Ford Mustang na Dodge Challenger huanza kurushiana tarakimu bila kumwambia mnunuzi jambo litakalomsaidia. Naomba safari hii tuliowahi kumiliki au kuendesha matoleo ya kuanzia mwaka 2015 tueleze gari linavyokuwa likishazoeleka: linavyokanyaga barabara, linavyopoza injini, breki zinavyohimili, na gharama zinajitokeza wapi. Mwenye lawama dhidi ya gereji au muuzaji asimtaje jina.

Naanza na Mustang GT ya kizazi cha sita. Watu wengi huisifia injini yake ya V8 ya lita 5.0, ambayo mwaka 2015 ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 435, lakini kwangu mageuzi makubwa yako nyuma ya gari, kwa kuwa kuanzia toleo hilo Mustang zote ziliacha ekseli moja ngumu na kupewa mfumo ambao kila gurudumu la nyuma hujitegemea. Nimewahi kuendesha ile ya kizazi kilichotangulia: ukikuta mashimo katikati ya kona, nyuma ya gari huruka pembeni, na dereva hulazimika kuachia mafuta. Hii ninayoendesha sasa hutulia, na safari ndefu hainichoshi.

Kasoro yake kwangu ni ya kifamilia. Viti vya nyuma ni vya jina tu, na milango ni mirefu kiasi kwamba katika maegesho yenye nafasi finyu mtu hutoka kwa kujipinda. Tena mwezi Januari 2017 shirika la Ulaya la kupima usalama wa magari, Euro NCAP, liliipa Mustang nyota 2 kati ya 5, na toleo lililoboreshwa likapata 3 mwaka huohuo. Tangu niliposoma taarifa ile, watoto wangu husafiri kwa gari la mama yao.

Mkazi wa Muscat

Ahsante kwa mada, ndugu yangu. Huku Ghuba magari haya yamejaa, na joto letu huyapima kuliko barabara inavyoyapima. Ningependa kuwatahadharisha wanaonunua magari yaliyoletwa kutoka Marekani, mengi yakiwa yamepita kwenye minada ya magari yaliyopata ajali, badala ya yale yaliyotengenezwa kwa viwango vya nchi za Ghuba. Bei huvutia, lakini angalia rejeta na vipoza oili kwanza, kisha angalia mafuta unayoyatia.

Jambo la mafuta huwapotosha wengi. Kitabu cha gari kilichoandikwa kwa soko la Marekani kinaweza kudai petroli ya 91, na hapa Oman pampu yenye namba 91 ipo na ni nafuu. Namba hizo hazilingani. Marekani huandika wastani wa vipimo viwili vya okteni (uwezo wa petroli kuzuia injini isigonge), ilhali sisi huandika kile kimoja kilicho kikubwa zaidi, kwa hiyo 91 yao inakaribia 95 au 96 yetu. Jirani yangu alinunua gari la V8 lenye supachaja (kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi) akaambiwa na muuzaji kwamba 91 inatosha, na mchana wa Julai injini ikawa inagonga kila anapopanda mlima. Kompyuta ya injini hujaribu kujiokoa kwa kuchelewesha cheche, gari likapoteza nguvu, naye akaanza kubadilisha vipuri ambavyo havikuwa na tatizo. Alipohamia 98 kugonga kulikwisha.

Supachaja yenyewe ina tabia ambayo matangazo hayaitaji: huikandamiza hewa, na hewa iliyokandamizwa hupata joto. Mkimbio wa kwanza utafurahi, wa pili pia, lakini baada ya hapo nguvu hupungua hadi mfumo upoe.

Fundi wa Nairobi

Kwetu Kenya swali la kwanza ni usukani, kwa sababu sheria hairuhusu kusajili gari la kawaida lenye usukani wa kushoto, wala kuingiza nchini gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Ndiyo maana Mustang ya 2015 ilitufungulia mlango, kwa kuwa ndiyo ya kwanza kutengenezwa kiwandani ikiwa na usukani wa kulia, na nyingi ninazozihudumia zimetoka Uingereza.

Jambo ambalo wateja wangu hawalitarajii ni mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini inayovuta hewa bila tabo hupoteza takriban asilimia 15 ya nguvu zake. Mteja huja akilalamika kwamba V8 yake imechoka. Ninampima kila kitu na kukikuta kizima, kisha anateremka nayo Mombasa na kunipigia simu akisema imepona. Mustang yenye injini ndogo ya lita 2.3 na tabo haiathiriki kiasi hicho. Matuta nayo yamekula bampa nyingi za mbele kuliko ajali.

Mkongomani wa Bowling Green

Naishi katika mji wa Kentucky ambako Corvette zote hutengenezwa, na Wakongomani wanaozungumza Kiswahili hapa ni wengi. Uwanja wa mbio uko jirani na makumbusho ya Corvette, nami huhudhuria siku ambazo watu huruhusiwa kuingia na magari yao wenyewe, kwa hiyo nitazungumzia uwanjani.

Ubora wa Wamarekani ambao Wazungu wa Ulaya huudharau ni ile injini ya V8 yenye kamshafti (mhimili unaofungua vali) moja katikati. Inaonekana ya kizamani, lakini ni fupi, nyepesi kwa ukubwa wake, na hukaa chini, jambo linalolisaidia gari kugeuka. Corvette ya 2020 iliihamishia injini hiyo nyuma ya dereva, ikapata giaboksi ya klachi mbili yenye gia 8, na bei ya kuanzia ikatangazwa chini ya dola 60,000. Sioni Mzungu wa Ulaya aliyeweza kuuza gari la aina hiyo kwa fedha hizo. Nyingine inayostahili kutajwa ni shokapu zinazobadilisha ugumu kwa sumaku, zilizoanza kwenye Cadillac ya 2002: ukitoka uwanjani unarudi nyumbani bila kuumwa kiuno.

Udhaifu ni joto, kama alivyosema ndugu wa Muscat. Corvette Z06 ya 2015, yenye supachaja na nguvu 650, ilijulikana sana kwa kuchemka uwanjani, na kampuni ikabadilisha matundu ya boneti na kifuniko cha supachaja kwa toleo la 2017. Ukinunua iliyotumika, mwaka wa toleo ni muhimu kuliko rangi. Pia fahamu kwamba Corvette ya sasa haina gia za mkono kabisa. Mwenye kuzitaka atazame Cadillac CT5-V Blackwing, yenye nguvu 668 na gia 6 za mkono, ikiwa mfuko unaruhusu.

Dada wa Dallas

Hamjagusa wizi. Dodge Challenger na Charger za toleo la Hellcat, lenye V8 ya supachaja, zilianza mwaka 2015 na nguvu 707, zikaja na funguo mbili, nyekundu ya nguvu zote na nyeusi inayozuia hadi 500. Zina uzito wa takriban kilo 2,000, hivyo kwenye mstari ulionyooka ni furaha na kwenye kona ni kazi. Lakini kilichomfanya mume wangu auze Hellcat yake ni bima. Taasisi ya takwimu za bima ya Marekani, HLDI, iliripoti mwaka 2023 kwamba Charger Hellcat za 2020 hadi 2022 zilidaiwa kuibiwa mara 60 kuliko gari la wastani. Kampuni ilishatoa programu inayobana injini hadi nguvu zisizofika 3 iwapo dereva hakuingiza namba ya siri. Anayenunua iliyotumika ahakikishe imewekwa.

Mgeni wa Dar es Salaam

Shikamooni wakubwa. Mimi niko usawa wa bahari, joto tunalo, foleni tunazo. Nichukue V8 au ile ya lita 2.3?

Fundi wa Nairobi

Marahaba. Kwa Dar V8 haitapoteza pumzi, lakini kwenye foleni itakunywesha mafuta bila kukupa raha yoyote. Kama safari zako ni za mjini, chukua ya lita 2.3, kama unakwenda Morogoro na Dodoma mara kwa mara, chukua V8, na uulize kama ina kifurushi cha kiwandani chenye rejeta kubwa na breki za Brembo, kwa sababu kuviweka baadaye ni ghali zaidi. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji picha za chini ya bampa la mbele.