Tofauti ya mita kuu na mita za ndani: nani anapaswa kuilipia?

Mpangaji wa Juu:
Ndugu wanajukwaa, naomba ufafanuzi. Jengo tunaloishi hapa Dar es Salaam lina nyumba 12 na mita kuu moja ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, na kila nyumba ina mita yake ndogo iliyofungwa na mwenye jengo. Mwezi uliopita mita kuu ilisoma uniti 214 (uniti moja ni lita 1,000), ilhali mita zetu zote zikijumlishwa zinatoa uniti 168. Msimamizi amezigawa uniti 46 zilizobaki sawasawa kwa nyumba zote, kwa hiyo mimi ninayeishi peke yangu, niliyetumia uniti 5, nimedaiwa karibu 9. Je, utaratibu huu ni wa haki, na maji hayo yamekwenda wapi?

Fundi Mita:
Tofauti ndogo haikosekani, kwa sababu mita za bei nafuu hazisomi maji yanayopita kwa kudondoka, na pia mita zikisomwa siku tofauti hesabu haziwezi kulingana. Lakini uniti 46 ni ndoo 2,300 za lita 20, na hizo haziwezi kupotelea kwenye matone. Anzeni na boya la tangi, lile linalofunga maji tangi likijaa, kwani likichoka tangi hufurika usiku watu wamelala. Maji yanayomwagika lita 1 tu kwa dakika hufikia lita 1,440 kwa siku, yaani uniti 43 kwa siku 30, na hapo karibu deni lenu lote limeshapatikana. Ili kuhakikisha, subirini tangi lijae, fungeni valvu ya kila nyumba, kisha mmulike kigurudumu kidogo kilicho kwenye uso wa mita kuu. Kikiendelea kuzunguka, maji yanapita mahali ambapo hakuna anayeyatumia. Kama eneo lenu lina mgao, jueni pia kwamba maji yanaporudi, hewa iliyojaa bombani hutangulia na kuizungusha mita kuu, ilhali mita za ndani zinazolishwa na tangi haziipati hewa hiyo.

Mama Mwenye Nyumba:
Nami ninapangisha, kwa hiyo niruhusuni niseme upande wetu. Akaunti ni ya jina langu. Nikilipa pungufu, maji yanakatwa kwa jengo zima, hata kwa aliyelipa yake yote. Hata hivyo, kugawa sawasawa sikubaliani nako. Koki ya mlinzi, usafi wa ngazi na bustani nimeviwekea mita ya peke yake, na gharama yake imo katika ada ya huduma inayojulikana tangu mkataba unaposainiwa. Tofauti inayobaki naigawa kwa uwiano wa matumizi, na kwa hesabu hiyo wewe mwenye uniti 5 kati ya 168 ungeongezewa uniti 1.4 hivi. Maji ya tangi lililofurika nayalipa mwenyewe, maana boya ni langu na mpangaji hana ufunguo wa kupanda huko juu.

Mkazi wa Kinondoni:
Omba pia nakala ya ankara, ulinganishe bei ya uniti unayotozwa na ile iliyoandikwa humo. Bei za mamlaka za maji huidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, na wapo wasimamizi wanaoongeza chao juu yake bila kusema kama ni umeme wa pampu au ni faida. Malalamiko kuhusu mita kuu hupelekwa kwanza DAWASA na mwenye akaunti, na yasipotatuliwa huko ndipo yafike EWURA. Suala la mgawanyo baina yenu na mwenye jengo, hilo linarudi kwenye mkataba wenu wa upangaji.

Mpangaji wa Juu:
Nashukuru sana. Mkataba wangu unasema tu kwamba "mpangaji atalipia maji". Je, mwezi huu nilipe au nisubiri?

Mama Mwenye Nyumba:
Lipa uniti 5 za mita yako kwa wakati na utunze risiti, kisha uandike barua kuhusu zile nyingine, ikisainiwa na wenzako wa jengo.